Bora ingenitukana

Ndo natoka ofisini, saa mbili usiku. Chai ya asubuhi nimeiacha mezani, imeota utando.

Kwenye laptopu yangu programu inapiga kazi bila shida. Tomcat 9 (seva inayoendesha programu za wavuti za Java), kila ukurasa unafunguka.
Leo nikaipeleka kwenye seva ya mteja. Tomcat 10.

Seva ikawaka vizuri tu. Logi safi, hakuna hata mstari mmoja wa kosa.
Nafungua ukurasa: 404, yaani haupatikani.

Jamani, bora ingenitukana! Kosa linalopiga kelele unajua pa kulifuata. Hili limeninunia tu, kama mkwe aliyekasirika.

Nikakagua njia, mipangilio, ruhusa za folda, hadi toleo la Java. Kumbe tangu Jakarta EE 9 (viwango vya Java kwa programu za seva), ile ya 2020, kifurushi cha javax.servlet kimebadilishwa jina kuwa jakarta.servlet. Servleti zangu zote (vipande vya msimbo vinavyojibu maombi ya kurasa) nimeziwekea @WebServlet, alama ya kuzitambulisha kwa Tomcat, ya jina la zamani, Tomcat 10 ikazipita kama haizijui.

Nikaunda folda ya webapps-javaee, nikaitupia WAR (faili la programu nzima) humo, Tomcat ikaigeuza yenyewe itumie jina jipya. Ukurasa huo!
(Msimbo wenyewe nitaubadilisha Jumatatu. Msiniulize Jumatatu ipi.)

Mliokwisha kuhamia jakarta, mlianzia wapi? Maktaba za zamani mlizifanyaje?