Breki Kabla ya Kona

Ninaendesha gari ya watalii kati ya Mjini na pwani ya Paje na Jambiani hapa Unguja, na kwa miaka mingi nilikuwa na tabia mbili: kanisani nilijulikana kuwa mtu mpole wa sauti ya besi katika kwaya, lakini nikishika usukani ulimi wangu haukuwa na mwenyewe.

Siku moja, karibu na Kitogani, mzee mmoja aliyepakia majani ya ng'ombe kwenye baiskeli aliyumba mbele yangu. Nilipiga honi, nikashusha kioo na kumtolea neno ambalo sitaliandika hapa. Mzee aliiegemeza baiskeli kwenye paja lake, akakisoma kibandiko cha "Yesu ni Bwana" kilichokuwa kwenye kioo changu cha mbele, kisha akasema taratibu, "Haya mwanangu, pita." Wageni niliowachukua hawakujua Kiswahili, lakini hawakusema neno mpaka Paje.

Nilitubu, nikafunga, nikajiwekea sharti la kuhesabu hadi kumi kila hasira inapopanda. Sikuwahi kufika tatu.

Aliyenifungua macho ni fundi wangu wa Mwanakwerekwe, Muislamu mwenye mapenzi makubwa na mbio za magari za Formula 1, ambaye huweka televisheni gerejini siku za mashindano. Nilimuuliza kwa nini madereva wale, wakiwa katika mwendo unaozidi kilomita 300 kwa saa, hukanyaga breki kwa nguvu zote barabara ikiwa bado imenyooka. Aliliweka tairi kuukuu mbele yangu, akalikandamiza kwa kiganja na kulisukuma, kwanza mbele, kisha pembeni. "Mpira una kiasi chake," akasema. "Ukikimaliza chote kwa breki, cha kukatia kona utakitoa wapi?" Madereva wenyewe huendelea kuiachia breki kidogo kidogo wanapoingia konani, lakini sehemu kubwa ya kazi huwa imeshafanyika nyuma.

Neno lile kiasi lilinigonga, kwa kuwa ndilo hilo hilo lililomo katika Wagalatia 5:23, mwisho wa orodha ya tunda la Roho, nami nilikuwa nikilisoma kana kwamba linahusu pombe na chakula tu. Nikaelewa kwamba nilikuwa nikitafuta kujizuia nikiwa tayari ndani ya kona, wakati ambapo moyo ulikwisha kutumia kila ulichokuwa nacho.

Kwa hiyo nilianza kuzihesabu kona zangu. Ya kwanza ni soko la Mwanakwerekwe asubuhi. Ya pili ni matuta ya barabarani kwenye msitu wa Jozani, yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe, ambapo gari za mbele husimama ghafla wageni wapige picha. Kabla ya kufika mahali hapo huzima redio, hupunguza mwendo na kumuombea kwa sauti ya chini mtu atakayenikera, ingawa bado sijamjua. Nilianza pia kutoka nyumbani nusu saa mapema, nikagundua kwa aibu kwamba sehemu kubwa ya hasira niliyokuwa nikiikemea kama pepo ilitokana na kuchelewa kuamka. Kona kali kuliko zote ni jioni ya Ramadhani, kila mtu anapowahi futari. Mimi niliyekula mchana ndiye mwenye udhuru mdogo kuliko wote barabarani.

Fundi alinisimulia pia habari za dereva Ayrton Senna katika mbio za Formula 1 huko Monaco mwaka 1988. Alikuwa amemuacha mwenzake Alain Prost kwa takriban sekunde 50, zikiwa zimebaki raundi chache, na hapakuwa na mtu wa kumkimbiza. Ndipo alipogonga ukuta, na Prost akashinda. Habari hiyo naiona kuwa na manufaa kwangu kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, maana mimi pia siangukii msongamanoni siku hizi. Huangukia wakati wa kurudi, gari tupu, njia nyeupe, nikijiona nimeshinda siku. Mwezi uliopita nilimfokea kijana wa Vespa pale Tunguu katika hali hiyo hiyo.

Kitogani nilirudi baada ya wiki kadhaa, nikamkuta yule mzee akikata majani kando ya njia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nilimueleza kosa langu na kumuomba radhi. Alisema ameshasahau, kisha akauliza kama gari ina nafasi, kwa sababu mpira wa baiskeli yake ulikuwa umepasuka. Tulipakia mizigo mitatu ya majani mabichi juu ya viti vya wageni, na kesho yake niliamka saa kumi alfajiri kuyafagia.