Nilivyoacha kukariri homoni za steroidi nikaanza kuhesabu kaboni

Ule mchoro wa homoni za steroidi, unaoonyesha jinsi mwili unavyozitengeneza kutoka kolesteroli, niliunakili mara nne usiku mmoja. Kulipokucha nilikumbuka kolesteroli mwanzoni na testosteroni mwishoni. Yote ya katikati yalikuwa yamepotea.

Kilichonikwamua ni kuhesabu kaboni. Kolesteroli ina 27. Ikishaingizwa ndani kabisa ya mitokondria, kimeng'enya CYP11A1 huikata mkia wa kaboni 6, ikabaki pregnenoloni yenye 21. Projesteroni, kotisoli na aldosteroni (homoni ya kutunza chumvi mwilini) zote zina hizo 21. Kimeng'enya CYP17A1 kikikata 2 tunapata androjeni, yaani homoni za kiume kama testosteroni, zenye 19. Kimeng'enya kingine, aromatasi, kikiondoa 1 zaidi, tunapata estrojeni, homoni za kike, zenye 18. Nikawa naandika 27, 21, 19, 18 pembeni mwa karatasi kabla ya neno lolote.

Halafu nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: kama malighafi ni ileile, kwa nini adrenali, tezi iliyo juu ya figo, itoe kotisoli na korodani zitoe testosteroni? Ni kwa sababu kila seli ina vimeng'enya vyake. Nikachora vyumba, na katika kila chumba nikaandika vifaa vilivyomo. Tabaka la nje la gamba la adrenali halina CYP17A1, kwa hiyo njia ya kwenda kwenye kotisoli na androjeni imefungwa. Lina CYP11B2, nalo hutoa aldosteroni. Tabaka la kati lina CYP17A1, CYP21A2 na CYP11B1, ambavyo huongeza oksijeni kwenye kaboni ya 17, ya 21 na ya 11. Hiyo ndiyo kotisoli. (Namba zile zilizonitesa kumbe zilikuwa anwani tu.) La ndani hutoa DHEA, ambayo ni androjeni dhaifu. Seli za Leydig kwenye korodani hazitengenezi kotisoli, ila zina kimeng'enya cha kugeuza androstenedioni kuwa testosteroni.

Siku iliyonithibitishia kwamba nimeelewa, tulipewa kisa cha mtoto mchanga wa kike ambaye sehemu zake za siri zilifanana na za kiume, na mwili wake ulikuwa ukipoteza chumvi. Nilichora vyumba vyangu, nikafunga CYP21A2. Kotisoli haipatikani, aldosteroni nayo haipatikani kwa kuwa pia huhitaji kimeng'enya hicho. Pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, inaona kotisoli imepungua, inamimina ACTH, homoni inayoiamuru adrenali ifanye kazi, na adrenali inazidi kuhangaika. 17-hidroksiprojesteroni, ambayo CYP21A2 kingeibadilisha kuelekea kotisoli, inarundikana, na njia iliyobaki wazi ni ya androjeni. Nilikaa kimya kidogo. Mtoto anaweza kufa katika wiki zake za kwanza kwa kukosa kimeng'enya kimoja, ilhali kipimo cha damu cha hiyo 17-hidroksiprojesteroni kinaweza kumwahi, akapewa homoni anazokosa.

Jioni ile nikajitungia swali langu mwenyewe: je, nikifunga CYP17A1? Sikufungua kitabu. Kotisoli inapungua, ACTH inapanda, kila kitu kinasukumwa upande wa homoni za kutunza chumvi, shinikizo la damu linapanda. Androjeni na estrojeni hazitengenezwi, si kwenye adrenali wala kwenye korodani au ovari. Kwa hiyo mtoto mwenye kromosomu za XY anaweza kuzaliwa akiwa na umbile la nje la kike, na wakati wa kubalehe ukafika bila dalili yoyote. Ndipo nikafungua kitabu kuhakiki. Ilikuwa hivyohivyo.