Dera libaki mchangani

Ukienda Pirates, ufuko wa umma wa Mombasa, Jumapili alasiri, maji yakiwa yamejaa, utawaona wanawake wa rika langu wamesimama maji ya magotini. Dera limelowa mpaka mapajani na mkono mmoja umelikamata lisipande. Wajukuu wako mbele wanapiga mbizi, lakini wao hawasogei. Ukiwauliza watakwambia magoti yanauma, au maji ni baridi. Mimi ni fundi cherehani, na wengi wao nawajua kwa vipimo vyao. Wakisimama mbele yangu na tepu kiunoni huniambia ukweli: wanauonea mwili wao haya.

Nami mwili huo ninao. Nina miaka 58, nimezaa wanne, wa mwisho kwa kupasuliwa. Tumbo limelalia kovu, matiti yameshuka, mishipa imejitokeza nyuma ya magoti. Hedhi ilipokoma kiuno kilipotea ingawa sikunenepa sana. Wengi wetu hutupata hivyo: homoni ya estrojeni ikipungua, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na makalioni huhamia tumboni. Si uvivu wala si uchafu, na nachukia kusikia mwanamke akilitaja tumbo lake kama kwamba ameiba kitu.

Dera ni zuri nyumbani na arusini. Majini ni hatari, na hili nalisema kwa uzito wote. Kwa upana wake, kwanza hushika hewa likafura, kisha hunywa maji, likajizungusha miguuni. Mwogeleaji hujisukuma kwa miguu; ikifungwa, hata anayejua kuogelea hushindwa. Leso iliyofungwa kiunoni nayo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo tunachokivaa ili tusitazamwe ndicho kinachotuzuia kufika panapoeleka.

Wateja huja wameshakata tamaa. Wamenunua nguo ya kuogelea Kongowea kwenye mitumba, wameivaa chumbani mlango umefungwa, imewavuta mabegani na kuwakata mapajani, wakaamua kwamba wamezeeka. Mara nyingi tatizo ni kipimo kimoja ambacho hakuna aliyewahi kuwapima: tepu ianzie begani, ishuke kifuani, ipite katikati ya miguu, ipande mgongoni mpaka begani tena. Nguo ya kipande kimoja hukaa au hukataa kwa kipimo hicho. Mwanamke mwenye kifua kizito na tumbo hukihitaji kirefu zaidi hata kama nyonga zake ni zile zile za zamani. Nguo ikiwa fupi hapo, hata msichana wa miaka 20 itamkosesha raha.

Kama unanunua mtumba, ivute sehemu ya makalio kwa mikono miwili na uitazame kwenye mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe zimejitokeza, au ukisikia inakatika-katika, irudishe. Klorini ya mabwawa imeshaila ile nyuzi inayonyumbuka, na siku chache tu italegea. Kama unashonesha, hakikisha fundi anatumia kitambaa kinachonyumbuka pande zote, sindano yenye ncha ya mviringo na mshono wa zigizaga. Mshono ulionyooka hukatika nguo ikivutwa. Tumboni mimi huweka marinda madogo ubavuni na bitana ndani, kifuani lastiki pana. Hayo humshika mtu vizuri bila kumbana pumzi.

Urefu ni wa mvaaji. Wako wanaotaka kaptura ya magotini na blauzi ya mikono mifupi. Mimi baharini huvaa suruali ya laikra, kitambaa kinachonyumbuka, mpaka kwenye vifundo, juu kanzu fupi na kofia ya kufunika nywele, kwa sababu ya dini yangu. Kwenye saa za wanawake peke yetu huvaa kipande kimoja kisicho na mikono na mishipa ya miguuni ikaonekana. Sioni kinachogongana hapo.

Wanaogongana ni watazamaji. Ufukweni nimeshaitwa mtu mzima ovyo kwa kuwa laikra inaonyesha umbo. Kwenye bwawa la hoteli moja nikaambiwa nguo yangu si ya bwawani, ilhali kitambaa ni kile kile walichovaa wageni. Bikini ya Louis Réard ilipotolewa Paris mwaka 1946 wanamitindo waliikataa, ikavaliwa na mcheza dansi Micheline Bernardini. Miaka 70 baadaye, mwaka 2016, miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa ikapiga marufuku burkini, vazi la kuogelea la kufunika mwili alilolibuni Aheda Zanetti wa Australia, mpaka Agosti mahakama kuu ya mambo ya utawala ikaisimamisha marufuku ya Villeneuve-Loubet. Huyu kafunua mno, yule kafunika mno. Ukingoja watu waridhike, hutaingia majini.

Nungwi, kule Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima. Nilipoona picha zao, wameelea chali na nyuso zimetulia, niliwafikiria mama zao na bibi zao. Nao wafundishwe.

Vijana wetu nao wasiwaelekezee mama zao simu za kupigia picha. Nimewasikia wateja wangu wengi wakisema wanaogopa kamera kuliko mawimbi. Picha ya mama yako amelowa usiitume kwenye kundi la familia bila kumwomba ruhusa.

Sasa hivi juu ya meza yangu iko nguo ya bibi wa miaka 71. Daktari alimshauri afanye mazoezi ya goti majini. Ya kwanza alitaka nyeusi, mikono mirefu, shingo imefika juu. Hii ya pili kakileta kitambaa mwenyewe, rangi ya chungwa, na kasema mikono iishie kwenye viwiko. Nimefurahi kwa sababu mbili: anaipenda, na rangi hiyo huonekana mbali majini mtu akihitaji kusaidiwa. Nyeusi na buluu hupotea. Nitamkabidhi kabla ya kaskazi kuanza, bahari ikiwa imetulia, na nitamwambia ninayowaambia wote: ukitoka majini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, usiisokote, ianike kivulini.