Nilivyoufundisha mkono wangu kutulia baada ya kutua

Magurudumu yakishagusa tu, mkono wangu wa kulia ulikuwa unaacha mpini wa nguvu ya injini na kwenda kupandisha flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, ndege ikiwa bado inakimbia. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili bila kujua kwamba nafanya. Ungeniuliza wakati ule ningekujibu, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba mimi hungoja mpaka nitoke kwenye njia ya kurukia.

Chanzo nilikielewa baadaye. Mafunzo yangu ya mwanzo yalijaa zoezi la kugusa na kuruka: unatua, ndege ikiwa mbioni unapandisha flapu, unarudisha trimu, kidhibiti cha kuupunguzia usukani uzito, mahali pake, unasukuma nguvu na kuondoka tena. Ni zoezi zuri, kwa sababu mwanafunzi anapata kutua mara nyingi ndani ya saa moja. Lakini katika saa hiyo nzima nilikuwa nasimama mara moja tu, ya mwisho. Mwili wangu ukajifunza kwamba kugusa ardhi maana yake ni kushika flapu, na hakuna aliyeufundisha vinginevyo.

Mara ya kwanza kutishika nilikuwa peke yangu kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja. Upepo ulikuwa wa ubavu, unatoka kushoto, na haukuwa mkali. Ulikuwa chini ya noti 15, noti ikiwa kipimo cha kasi, ambazo kitabu cha ndege hiyo kinazitaja. Nilitua vizuri, gurudumu la kushoto likitangulia kama inavyotakiwa. Kisha nikainama kuutazama mpini wa flapu. Mkono wa kushoto ulilegea nao, usukani ukarudi katikati. Bawa la kushoto likainuka kidogo, kiasi cha kulihisi kwenye kiti kabla ya kuliona, na pua ikageukia upepo unakotoka. Nilipoinua macho, taa za ukingo wa kushoto zilikuwa zinanijia. Nikakanyaga pedali ya kulia, nikazungusha usukani kushoto, ndege ikarudi katikati. Nikaulaumu upepo, nikafunga ndege, nikaenda zangu.

Kumbe upepo haukuwa na kosa. Wengi wetu tunaihesabu ndege kuwa imeshatua pale tairi zinapogusa lami, na bawa halijui habari hiyo. Kwenye noti 55 au 60 bawa bado limebeba sehemu kubwa ya uzito. Nguvu yake ya kuinua hupungua kwa mraba wa kasi: kasi ikishuka nusu, inabaki robo tu. Kwa hiyo katika zile sekunde chache za mwanzo ndege haijawa ya angani wala ya ardhini. Breki hazijapata uzito wa kutosha, usukani wa mkia unaanza kupoteza nguvu, na upepo wa ubavu uko palepale, haujapungua hata kidogo. Ndiyo maana eleroni, vibao vya mabawani vinavyoendeshwa na usukani, hazitakiwi kuachwa baada ya kugusa. Kadiri ndege inavyopungua kasi, usukani unazidi kuzungushwa kuelekea upepo unakotoka, mpaka unafika mwisho wake ndege ikiwa inatambaa tu.

Kwa hiyo anayeniuliza kama rubani aguse vidhibiti wakati ndege inakimbia baada ya kutua, namjibu kwamba inategemea ni vipi. Usukani, pedali na breki havipumziki hata sekunde moja. Mipini ya kubadilisha umbo la ndege, yaani flapu, trimu na ndugu zake, hiyo ndiyo ingoje.

Kilichonibadilisha hasa ni siku nilipoanza kujifunza ndege ya magurudumu yanayokunjwa. Mwalimu alikuwa mzee aliyerusha ndege za mizigo miaka mingi, mtu wa maneno machache. Tukatua, mimi nikiwa nimefurahi kwa jinsi ilivyogusa kwa upole. Mkono ukaondoka kama kawaida yake, na safari hii sikutazama chini. Vidole vikashika kitu cha mviringo, chenye ukingo kama tairi dogo. Nilikuwa nimeanza kukivuta kitoke kwenye kizuizi chake pale kiganja cha mwalimu kilipoushukia mkono wangu na kuubana palepale. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Binti, huo mkono unatafuta nini?"

Sikuwa na jibu. Niliendelea kushika usukani, tukapunguza mwendo, tukatoka, tukasimama. Ndipo akaniambia, "Sasa niambie. Ulikuwa unatafuta nini?" Nikasema, "Flapu, Mwalimu." Akanyamaza kwa muda, halafu akaniomba niuweke mkono tena pale pale, nifumbe macho, nieleze ninachokigusa. Gurudumu. Lilikuwa gurudumu, kichwa cha mpini wa kukunja magurudumu, na vidole vyangu vilikuwa vimelitambua, ila kichwa kilikuwa bado kinashangilia kutua.

Umbo lile lina historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani waliokuwa wakirusha ndege za kivita za B-17 na P-47 walikuwa wanakunja magurudumu baada ya kutua salama, wakidhani wanapandisha flapu. Walikuwa wanalaumiwa kwa uzembe. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aligundua kwamba marubani wa C-47, ndege ya uchukuzi, hawafanyi kosa hilo, na akaona sababu: kwenye B-17 swichi hizo mbili zilifanana na kukaa jirani, kwenye C-47 zilikuwa tofauti na zimeachana. Akapendekeza mpini wa magurudumu uwe na umbo la gurudumu na wa flapu uwe na umbo la bawa. Leo ndivyo ilivyo kwenye karibu kila ndege ya magurudumu yanayokunjwa. Lakini mahali ilipo mipini hiyo hapafanani kila mara. Kwenye baadhi ya ndege ndogo za zamani ziitwazo Bonanza, mipini ya magurudumu na flapu imekaa kinyume na ilivyozoeleka kwingine, na mkono uliozoea ndege moja unaenda pasipo.

Wapo watakaosema kuna swichi ya usalama inayozuia magurudumu yasikunjwe ndege ikiwa chini. Ipo, nami niliitegemea moyoni bila kuijua. Swichi hiyo husoma uzito kwenye mguu wa ndege, mara nyingi mguu mmoja tu. Sasa rudi kwenye zile sekunde ambazo bawa bado limebeba uzito. Mguu haujakandamizwa sawasawa, ndege inaruka kidogo kwenye bonde la lami, swichi inadhani uko angani. Mpini ukiwa juu wakati huo, yanayofuata ni propela kusaga lami.

Kuiacha tabia kulinichukua muda kuliko nilivyotarajia, na kujiambia "usifanye" hakukusaidia. Mkono usio na kazi unajitafutia. Mwalimu alinishauri niupe kazi nyingine, basi nikaamua kwamba mkono wa kulia utabaki juu ya mpini wa nguvu, umeuvuta mpaka nyuma na kuushikilia hapo, mpaka ndege isimame. Nikaacha kabisa kugusa na kuruka kwa miezi mitatu. Kila nilipotua nilisimama, nikarudi mwanzo wa njia, nikaruka upya. Inakula muda na mafuta, na siku nyingine nilitua mara nne tu.

Nilianza pia kusema kwa sauti. Nikigusa, nasema "bado". Nikipunguza mwendo, "bado". Nikivuka ile mistari minne ya njano inayoonyesha kwamba nimetoka kwenye njia ya kurukia, miwili ya vipande na miwili isiyokatika, nikasimama, ndipo naitaja flapu kwa jina, naitazama, naigusa, nalitambua umbo lake, halafu naipandisha. Kwenye ndege ya magurudumu yanayokunjwa naongeza moja: kabla ya kugusa flapu nautazama mpini wa magurudumu na kusema uko chini, taa tatu za kijani. Abiria wananitazama. Nimewazoea.

Jioni, ndege ikiwa imeegeshwa na umeme umezimwa, nilikuwa nakaa ndani dakika kumi na kurudia mwendo huo huo bila injini. Nilitua kichwani mwangu, nikakanyaga pedali, nikageuza usukani kwenye upepo nilioubuni, mkono wa kulia ukiwa palepale. Zoezi hili ndilo lililonisaidia zaidi ya yote, na ni la bure.

Sipingi kila anayepandisha flapu mbioni. Kitabu cha Cessna 172S chenyewe, kwenye utaratibu wa kutua uwanja mfupi, kinaelekeza kukanyaga breki kwa nguvu na kupandisha flapu, ili uzito ushuke haraka kwenye magurudumu. Hapo kuna faida ya kweli, na rubani wa uwanja mfupi wa nyasi zilizoloa anaijua. Lakini mwongozo wa mafunzo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, unasema, kama mtengenezaji hajaelekeza vinginevyo, ungoje mpaka utoke kwenye njia. Na kwenye 172S flapu zinapanda kwa mota, taratibu. Kwenye uwanja mrefu, zikimaliza kupanda kasi imeshashuka na faida yenyewe imeyeyuka. Mimi nikiutaka utaratibu wa uwanja mfupi, nauamua kabla, ningali sambamba na njia ya kurukia, na kuutamka kwa sauti. Nisipoutamka, haupo.

Kwenye ndege kubwa za abiria kazi imegawanywa: anayerusha anashika mwelekeo, mwenzake anatazama kama vibao vya juu ya mabawa vimefunguka na kutaja anachokiona. Flapu zinangoja mpaka watoke. Wao ni wawili, nami niko peke yangu, kwa hiyo naona nina sababu kubwa zaidi ya kungoja.

Wiki iliyopita nilitua na upepo wa ubavu, tena kutoka kushoto. Mnara ukaniambia nitoke haraka, kuna ndege nyuma yangu. Nilihisi kidole cha shahada kikijiinua kwenye mpini wa nguvu, kikakaa kikitazama kulia, kisha kikarudi. Usukani ulikuwa umezungushwa kushoto mpaka mwisho. Nikatoka, nikavuka mistari ya njano, nikasimama.

"Flapu," nikasema.