Kuosha beringi ya yoyo

Jumapili jioni

Yoyo yangu ya alumini, kile kichezeo cha visahani viwili kinachoshuka na kupanda kwenye uzi, imekuwa ikirudi mkononi bila kuitwa. Naitupa, inalala chini vizuri (yaani inazunguka mwishoni mwa uzi bila kupanda), lakini nikianza tu kuipandisha juu ya uzi inanasa na kujikunja. Kwa mtoto anayejifunza, hilo ndilo analolitaka. Mimi nacheza ile isiyoitika, ambayo hata ukivuta uzi haiji mpaka uuingize umekunjwa mara mbili kwenye pengo lililo kati ya visahani, ndipo inashika na kupanda.

Chanzo ni grisi ndani ya beringi, ile pete yenye gololi iliyo katikati ya yoyo. Beringi nyingi hutoka kiwandani zimepakwa ili zisishike kutu, kisha vumbi na manyoya ya uzi hujazia. Pete ya nje, iliyozungushwa uzi, inapaswa kutulia wakati mwili wa yoyo unazunguka. Gololi zikikwama kwenye grisi, pete hiyo inaburutwa na uzi unafuata. Yoyo za Pedro Flores, Mfilipino aliyeanza kuzitengeneza California mwaka 1928, hazikuwa na shida hii. Uzi ulikuwa kitanzi tu kwenye mhimili wa mbao.

Basi leo nimefungua. Beringi yangu ni ya saizi C, kipenyo chake milimita 12.7, na kila upande una kifuniko kinachoshikiliwa na kiwaya chembamba chenye umbo la herufi hiyo hiyo. Kiwaya hicho kinatolewa kwa ncha ya sindano, na ni lazima ukikinge kwa kidole, maana kinaruka.

Dawa ninayoiamini ni waiti spiriti ya mafundi rangi. Mafuta ya taa yanaondoa grisi lakini yanaacha utando wake mwenyewe. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji na inaishinda grisi kwa shida. Asetoni ni kali na inakauka upesi, ila ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi huongezwa manukato na mafuta, na yoyo ya plastiki isiiguse kabisa. Chombo kiwe cha kioo, chenye kifuniko. Nimefanyia barazani, mbali na jiko, kwa sababu mvuke wake unashika moto haraka.

Nimetikisa, nikaacha iloweke, nikatikisa tena. Maji yake yamegeuka kijivu, nikamwaga kwenye chupa ya uchafu (si kwenye sinki) na kurudia kwa spiriti mpya. Kukausha ndiko kunakotaka subira kuliko kuosha. Niliichomeka kwenye penseli, nikaizungusha na kuipuliza mpaka ikaanza kutoa ule mlio mkavu.

Wapo wanaoishia hapo na kushindana beringi ya nani inazunguka muda mrefu ikipigwa kidole. Sioni maana yake. Beringi kavu kabisa inapiga kelele na chuma kinalika. Nimetia mafuta ya cherehani, kiasi kinachoning'inia kwenye ncha ya sindano, basi. Yakizidi, yoyo inaanza kuitika upya na kazi yote imepotea.

Sasa inalala kwenye uzi, navuta na haiji. Nimefurahi sana. Kesho nabadilisha uzi, huu umechakaa. Ikipanda tena yenyewe nitakagua zile pedi za silikoni kandokando ya pengo, zinazoshika uzi, maana beringi haina kosa tena.