Neno moja tu: mabepari

Nimetoka semina sasa hivi. Niko kwenye daladala, nacheka peke yangu, na dada wa pembeni ameshaanza kusogea.

Kwa wasiojua, niko mwaka wa pili, nasoma fasihi ya Kiingereza na ya dunia. Mama mdogo kila likizo huuliza, "Huyo Shakespeare wako atakulisha?"

Leo ilikuwa zamu yangu kuwasilisha The Merchant of Venice. Slaidi kumi na mbili, Kiingereza kimenyooka, nimekesha nacho.

Slaidi ya kwanza tu, mwalimu akanisimamisha.
"Nyerere alipoitafsiri, aliipa jina gani?"

Mabepari wa Venisi, nikajibu. Hilo nalijua tangu sekondari.

"Na merchant ni nani?"

Mfanyabiashara.

"Mmoja au wengi?"

Hapo nikanyamaza.

Jamani, jina hilo nimelitamka miaka yote bila kulisikia! Shakespeare ana mfanyabiashara mmoja. Mwalimu Nyerere kaweka mabepari, tena kwa wingi. Na ilikuwa 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, lile lililotangaza Ujamaa na kuupinga ubepari.

Basi semina nzima ikaishia kwenye neno hilo. Kuna waliosema kaipotosha tamthilia, wengine wakasema kaielewa kuliko sisi. Mimi niko na hawa wa pili, ila sijui ningejitetea vipi kwenye mtihani.

Slaidi kumi na moja bado zinanisubiri wiki ijayo.

Nanyi je, mngeipa jina gani? Mwageni hapa chini.