Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya bamvua hapa Mida

Saa 10 na nusu alfajiri

Kaskazi imeshika tangu juzi na makuti ya paa letu hayapumziki. Natoka uani kutazama mwezi. Ulipevuka juzi, na saa hizi umeegemea upande wa bara, bado mpana, mweupe kama sahani. Basi leo ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida; wiki ijayo yatakuwa maji mafu, yanayosogea kidogo tu. Maji yako karibu kujaa pomoni sasa hivi nikiwa hapa uani, yatakupwa hadi karibu saa 5 asubuhi, kisha yatageuka na kujaa tena saa 11 jioni. Jedwali la maji ninalo kwenye simu na nalisoma kila siku. Lakini baba alikuwa mvuvi hapa Dabaso, akatufundisha kuhesabu siku za mwezi kabla hatujaanza shule, na mpaka leo siliamini jedwali kabla sijauona mwezi wenyewe.

Kwa wasionijua: mimi ni kiongozi wa matembezi kwenye hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia bara karibu na Watamu. Pale pana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, ukingoni kabisa mwa tope. Ada ya wageni husaidia karo ya wanafunzi wa sekondari wanaotoka vijiji vinavyozunguka hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mpango wa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira. Hilo wengi wanalijua. Yasiyojulikana sana ni matembezi ya wenyeji, na hayo ndiyo yaliyonitoa kitandani leo. Hubadilika kwa msimu. Wakati wa kaskazi tunatazama ndege wa hori. Masika yakiingia tunahamia msituni kwa vyura na vipepeo, na tunapita Gede kwenye mradi wa Kipepeo, ambao tangu 1993 unanunua mabuu waliofungwa ndani ya vifuko kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu. Kusi ikivuma tunakaa ufuoni kuwatafuta nyangumi wanaopita kati ya Julai na Septemba. Vuli ni ya kupanda mikoko.

Saa 12 asubuhi

Nalipita daraja lote kabla ya mtu mwingine yeyote. Nakanyaga kila ubao kwa kisigino, natikisa kila kamba. Leo ubao mmoja karibu na kibanda umeachia msumari, nikiukanyaga upande huu unainuka upande ule. Mtoto wa miaka 10 hatazami miguu yake akiona ndege. Naugonga misumari miwili, nauruka mara tatu, nauacha.

Maji yameanza kutoka. Chini yangu mizizi ya mikoko inajitokeza kidogo kidogo, myeusi na inang'aa, na unaisikia hori yote ikichuruzika.

Saa 1 na nusu

Mahamri na mbaazi, chai ya maziwa. Simu ya mwalimu anayeleta wanafunzi leo inaingia nikiwa bado natafuna: "Tumeshajipanga, saa 4 kamili tuko hapo, kama tangazo linavyosema."

Hapo kifua kinanibana. Tangazo lilichapishwa na ofisi moja ya mjini, vizuri sana, kwa rangi na picha, na limeweka saa 4 hadi saa 6 kwa kila Jumamosi ya msimu mzima. Niliwaeleza kwa mdomo, nikawaandikia, kwamba hori haina saa 4 moja. Jumamosi hii saa 4 maji yako mbali, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yako magotini. Jibu lilikuwa kwamba watu hupenda ratiba isiyobadilika. Naliona hilo kuwa kosa kubwa, kwa sababu atakayeumia ni mtoto anayekuja mara moja tu kwa mwaka, akafika siku ambayo hakuna cha kuona, akaenda nyumbani akiamini kwamba hakuna kitu.

Saa 4 asubuhi

Wamefika. Watoto 34 wa Gredi ya 5, walimu wawili, basi dogo limejaa hadi mlangoni. Shule yao iko ng'ambo ya barabara kuu ya Malindi. Ninapouliza nani amewahi kufika kwenye daraja hili, mikono inayoinuka ni minne. Hori hii inalisha nusu ya vijiji vyao, lakini daraja wanalichukulia kuwa la watalii.

Tunafika kibandani na ni kama nilivyohofia. Tope tupu hadi upeo wa macho. Ndege wapo, mamia, lakini wako kule mbali maji yalikokwenda, vidoadoa tu vinavyotetemeka kwenye joto. Tuna darubini sita. Mvulana mmoja aliitazama yake, akaishusha, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, ndege ndio zile nukta?"

Nikawaambia wavue viatu, tunarudi chini ya mikoko.

Nilianza na mchu, mmoja wa miti ya msitu huu wa mikoko. Nilichuma jani moja kwa kila mtoto nikawaambia waligeuze kwenye jua, walitazame karibu na pua. Kwa upepo huu mkavu chumvi huonekana kwa macho, chembe ndogondogo kama sukari ya unga. Kisha walilambe. Mlio uliotoka hapo, nadhani ulisikika Watamu! Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, kama sisi tunavyotoka jasho. Jirani yake mkoko huizuia chumvi nyingi mizizini, isipande. Miti miwili bega kwa bega, tope moja, kila mmoja na njia yake. Msichana mmoja alilamba jani la mkoko ili ahakikishe, na nilifurahi kuliko angenikubali tu.

Juu yetu mikoko ilikuwa imening'iniza miche yake, vijiti vya kijani virefu kuliko rula. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ndani ya tunda. Ikianguka huwa ni mche tayari. Wakati wa maji kupwa huweza kuchoma tope na kusimama papo hapo, wakati wa maji kujaa huelea hadi mahali pengine. Tuliokota mmoja ulioanguka na mtoto mmoja akaupanda kwa mkono wake.

Kisha kaa. Ukikaa kimya kama dakika tatu, tope lote huanza kutembea. Wale wadogo wa kiume wana gando moja kubwa kuliko mwili, jekundu, nao hulipunga kuwaita majike. Watoto wakaanza kuwapungia nao. Sikuwa na neno la kuongeza.

Saa 6 kasoro

Maji yamegeuka. Bado huyaoni, lakini vijito vya tope vimeanza kurudi nyuma, na vile vidoadoa vya mbali vimesogea.

Dereva naye amesogea. Gari limekodiwa hadi saa 6, na saa 7 ana watu wa harusi wa kuwachukua Gede. Nilimvuta mwalimu mkuu wa msafara pembeni. Nikamwambia, mwalimu, watoto wakipanda gari sasa wataondoka wakiwa wameona nukta. Nipe saa mbili. Alinitazama, akawatazama watoto waliojaa tope hadi magotini, akapiga simu shuleni. Dereva, Mungu ambariki, alikubali kwenda na harusi yake na kurudi saa 9 bila kuongeza bei. Tukachanga, mimi, walimu na wenzangu wawili wa kibandani, na mama anayekaanga mihogo pale njiani akatuletea karai zima, na pilipili na malimau kando.

Saa 7 na nusu

Hapa ndipo ningependa kila mwenye kupanga ratiba akae.

Maji ya bamvua hayaji polepole. Pwani hii tofauti ya kujaa na kupwa kwa siku kama leo hupita mita 3, na yote hiyo inaingia Mida kupitia mlango mmoja mwembamba. Tope linaliwa huku ukitazama, na kila linavyopungua ndege wanasukumwa upande wetu. Kwanza vitwitwi, wanakimbia, wanasimama, wanadonoa, wanakimbia tena. Kisha wale wadogo wenye mdomo uliopinda chini kidogo, wanaochokoa tope kama cherehani. Huyo ana uzito wa gramu 60 hivi, na amezaliwa Siberia, mahali ambapo bahari huganda. Nilimpa mtoto mmoja limau moja kutoka kwenye karai ashike. Nikamwambia, ndege yule huenda ni mwepesi kuliko hilo, na amefika hapa kwa mabawa yake. Lile limau likazunguka mkono hadi mkono, mistari yote mitatu, na hakuna aliyelila.

Sululu walikuja na mdomo wao mrefu uliopinda, na sikuhitaji kueleza kwa nini wanaitwa kama chombo cha kuchimbia.

Lakini walioteka watoto ni wala kaa. Ni ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wakubwa kiasi, wanaotembea kwa madaha. Hutaga kwenye mashimo wanayochimba mchangani, yai moja tu kwa kawaida, kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Omani na Somalia, na mchanga wa moto huwasaidia kuliatamia. Kisha wanakuja kwetu, njia ile ile ya majahazi ya zamani, na mtoto wao wanakuja naye. Tulikuwa na mmoja karibu sana, hatua 40 hivi kutoka kibandani. Alikuwa wa kijivujivu, kimo sawa na mama yake, anamfuata nyuma huku akipiga mluzi bila kukoma. Mama alimnasa kaa, akampukutisha magando, akamgeukia. Mtoto akapokea.

"Mkubwa vile bado analishwa?" aliuliza yule mvulana wa nukta.

Nikamwambia ndiyo, kaa ni kazi ngumu kujifunza, inachukua miezi. Akairudisha darubini machoni, na ilibidi nimwombe mara tatu ampe mwenzake.

Halafu kipanga mmoja akapita juu ya mikoko. Ndege wote waliruka kwa pamoja, na kundi likageuka hewani, kiza, halafu weupe, halafu kiza. Watoto 34 na hakuna aliyetoa sauti.

Saa 9

Dereva amerudi kama alivyoahidi, na maua ya harusi bado yako kwenye kioo. Wameondoka. Naandika daftari: aina, idadi, saa, upepo. Nasafisha darubini, nalala nusu saa kwenye benchi.

Saa 11 jioni

Haya ni matembezi ya jioni ya wanakijiji, na hatutangazi popote ila msikitini, kanisani na dukani. Leo ni watu tisa: akina mama watano wenye leso mabegani, vijana watatu, na babu mmoja mvuvi ambaye mtumbwi wake nimeujua tangu nikiwa mtoto.

Maji yamejaa kabisa sasa, yanagusa mbao kwa chini, na tope lililokuwa na mamia ya ndege ni ziwa. Mama mmoja akauliza, sasa wamekwenda wapi wote? Nikamwonyesha juu ya mikoko: sululu kama 20 wamesimama juu ya matawi, wanangoja.

"Hao," akasema babu, "ndio waliokuwa saa yetu."

Nikamuuliza vipi, babu.

"Mwanangu, zamani nyumbani hapakuwa na saa. Usiku sululu wakianza kulia kule chini, mama yangu alikuwa ananiamsha: amka, maji yanatoka, nenda kayatazame madema ya kutegea samaki. Hawakosei. Wao nao wana njaa."

Nimefanya kazi hii miaka tisa na sikuwahi kulisikia hilo. Nimewahi kuwaeleza wageni kwamba ndege hawa hula hata usiku, maji yakikupwa, lakini nilikuwa nalisema kama jambo la vitabuni. Nililiandika palepale mkononi kwa kalamu kwa sababu daftari nilikuwa nimeliacha.

Jua lilipogusa vilele wakafika keremkerem wekundu. Huja kulala kwenye mikoko ya Mida msimu huu, wakitokea kaskazini, na kwa mwanga wa magharibi wekundu wao hauna mfano. Walikuja watano, kumi, kisha makundi, wakizunguka juu ya mti mmoja, wakitua, wakigombania tawi, wakiruka tena. Tulijaribu kuhesabu. Kijana mmoja alifika 140 akapotea. Babu hakuhesabu, alikaa tu na kofia yake mapajani hadi giza.

Saa 1 na nusu usiku

Kabla ya kufunga nafuta ubao wa njia panda, ule ambao watu huupita wakienda dukani, na naandika kwa chaki. Nimeamua kwamba tangazo la rangi litabaki pale lilipo na ubao huu ndio utakaosema saa.

JUMAMOSI IJAYO MAJI MAFU. HATUENDI HORINI. TUNAKWENDA MSITUNI KUMTAFUTA SENGI, MNYAMA MDOGO WA PUA NDEFU. TUONANE HAPA SAA 11 NA NUSU ALFAJIRI. VAENI VIATU VYA KUFUNIKA, SIAFU WENGI. BURE KWA MAJIRANI. BABU WA MADEMA, TAFADHALI NJOO.